Sauti Ndogo Hufikishwa na Nani?

Mwaka 1974 Mwingereza aitwaye George Dobbs aliwaita wapenzi wenzake wa redio waunde chama cha watu wanaorusha mawimbi kwa nguvu ndogo kabisa. Dobbs alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana, na kwa miaka mingi alihudumu katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ametoa kitabu cha watoto kinachofundisha kuunda redio ya transista, na mafundi wengi wa Uingereza wanasema hapo ndipo walipoanzia. Chama chake, G-QRP Club, kilipata wanachama katika nchi nyingi, na jarida lake SPRAT likawa hazina ya michoro ya mitambo midogo ambayo mtu huweza kuiunda mezani kwake kwa vipuri vichache. Dobbs alifariki mwaka 2019. Desturi ya chama hicho ni hii: katika alama za Morse, mtambo usizidi wati 5.

Wati 5 ni kidogo mno. Taa ya chumbani hula zaidi ya hapo. Vituo vya masafa mafupi ambavyo wasikilizaji wa Afrika Mashariki walivitafuta alfajiri kwenye mita bendi 25 na 31 vilirusha matangazo kwa wati laki moja, laki mbili na nusu, hata laki tano. Wanaredio wa ridhaa, yaani wale wanaowasiliana kwa mapenzi tu bila malipo, kwa kawaida hutumia wati 100, na sheria ya Marekani inawaruhusu kufika 1,500. Kwa nini mtu aliyeruhusiwa kupaza sauti achague kunong'ona?

Dobbs alipenda kujibu kwa kanuni inayonasibishwa na William wa Ockham, kwamba kutumia kingi mahali ambapo kichache kinatosha ni kazi bure. Wengi wanamjua Ockham kama mtu wa mantiki na hawayajui maisha yake. Alikuwa mtawa wa Mtakatifu Fransisko, na mwaka 1328 alitoroka Avignon, makao ya Papa Yohane XXII, kwa sababu ya mzozo mkali juu ya ufukara: je, Kristo na mitume wake walimiliki mali yoyote? Wafransisko wa upande wake walishikilia kwamba hawakumiliki. Ockham alifia uhamishoni Munich mwaka 1347. Kasisi wa Rochdale alipoichukua kanuni yake akaitia katika sakiti za redio, alikuwa anarithi fikra ya mtu aliyepoteza makao kwa kutetea kwamba kuishi na kidogo ni njia kamili ya kuishi.

Hata hivyo, jambo la nguvu ndogo haliishii kwenye kubana matumizi. Ndani yake mna swali lililo la kale kuliko redio, ambalo kila aliyewahi kuomba na kunyamaziwa amekutana nalo. Sauti ndogo ikifika mbali, imefikishwa na nani? Ni nguvu ya anayeita, ni njia iliyofunguliwa, au ni sikio la anayesikiliza?

Tuanze na njia, maana hapo mambo yanapimika.

Masafa mafupi ya juu ni mita bendi 17, 15, 12 na 10, kuanzia megahezi 18 hadi karibu 30. Mchana jua hujenga, upande wa chini wa ionosfera, yaani anga la juu lililojaa chembe zenye chaji, tabaka linalomeza mawimbi ya redio; megahezi zikiongezeka mara mbili, kinachomezwa hubaki kama robo yake. Mikwaruzo ya radi, ambayo katika ukanda wa Ziwa Victoria na bonde la Kongo ni ya kupindukia, huziba bendi za chini na kufifia kadiri mtu anavyopanda juu. Antena nayo hupungua urefu. Nusu wimbi la mita 10 ni waya wa mita 5, unaoweza kufungwa kati ya mnazi na dirisha. Kwa hiyo juu huko mnong'ono hupata mambo matatu ambayo chini haupati: haumezwi sana, hauzibwi sana, wala haudai mlingoti mrefu.

Halafu kuna tabaka la F2, kilometa 250 hadi 400 juu ya ardhi. Likiwa limeshiba mionzi ya jua, hulirudisha chini wimbi la megahezi 28. Mruko mmoja huweza kufika kilometa 4,000, na miruko mitatu humtoa mtu Dar es Salaam ikamfikisha Brazili au Japani. Likiwa halijashiba, wimbi hilohilo hulipenya na kwenda zake kwenye nyota. Saa hiyo wati 5 na wati 1,500 ni mamoja, kwa kuwa zote mbili hazirudi.

Mlango huu wa angani hufuata mzunguko wa jua wa takriban miaka 11. Desemba 2019 jua lilikuwa katika utulivu wake wa chini kabisa, na katika nchi za kaskazini mita 10 ilikaa kimya siku baada ya siku. Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba jua limeingia kileleni, na bendi ileile ilikuwa imefurika sauti. Wakazi wa karibu na ikweta wamepewa zaidi. Pande zote mbili za ikweta ya sumaku ya dunia, ambayo katika Afrika hupita Ethiopia, tabaka la F2 huwa nene kuliko kwingine. Edward Appleton alilieleza jambo hilo mwaka 1946, mwaka mmoja kabla ya kupewa Tuzo ya Nobeli. Alasiri na jioni mawimbi huvuka kutoka upande mmoja wa ikweta hiyo hadi wa pili, hata katika siku ambazo njia nyingine zimefungwa.

Kenya ina shahidi wa kudumu katika habari hii. Wanaredio wa ridhaa wameweka vituo 18 vya ishara duniani kote ili kuonyesha njia zipi ziko wazi, na kimojawapo ni 5Z4B cha Kenya. Kila kituo kina zamu ya sekunde 10 katika mzunguko wa dakika 3, kwenye bendi tano, ya juu kabisa ikiwa megahezi 28.200. Kituo hutaja jina lake kwa Morse kwa wati 100, kisha hutoa milio minne mirefu: wa kwanza wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu moja ya kumi ya wati. Kisha hunyamaza na kumpisha mwingine. Msikilizaji aliye Ulaya, njia ikiwa wazi, husikia mlio wa kwanza ukiwa umesimama imara, wa pili umepungua, wa tatu ni mwembamba, na siku njema husikia hata wa nne. Kati ya mlio wa kwanza na wa nne nguvu imeshuka mara 1,000, na umbali umebaki uleule.

Inafaa kukumbuka kwamba bendi hizi zilitokana na kutupwa. Sheria ya redio ya Marekani ya mwaka 1912 iliwasukuma wanaredio wa ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 kwenda chini, kwa sababu wataalamu waliamini kwamba huko hakuna cha maana. Mawasiliano ya mbali yalidhaniwa kuhitaji mawimbi marefu na mitambo mikubwa kama viwanda. Wale waliotupwa wakaanza kujaribu. Tarehe 18 Oktoba 1924 Cecil Goyder, mwanafunzi wa miaka 18 katika Shule ya Mill Hill jijini London, alizungumza kwa Morse na Frank Bell aliyekuwa kwenye shamba la kondoo huko Shag Valley, New Zealand, karibu upande wa pili kabisa wa dunia. Msomaji wa Zaburi atalikumbuka hapa jiwe walilolikataa waashi.

Sasa lije swali la teolojia. Mwanzoni mwa karne ya 5, Pelagio alifundisha kwamba mtu anaweza kwa juhudi yake kuchagua mema na kuyatimiza, naye Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, akashikilia kwamba neema ya Mungu hutangulia kila juhudi. Waislamu wa pwani wanalo neno lao la kila siku, taufiki: mja hufanya sehemu yake, na kufanikiwa kwatoka kwa Mola. Mita 10 haiwezi kuamua kati ya Pelagio na Augustino, lakini inaonyesha jinsi mambo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja. Mwenye mtambo mkubwa hana uwezo wa kuufungua mlango. Na mlango ukiwa wazi, asiyetuma hasikiki. Juhudi inahitajika, lakini haiwezi kununua njia.

Asiyeamini atapinga, na ana haki. Jua halimpendi wala kumchukia mtu. Likishibisha ionosfera huwashibishia wezi na wacha Mungu. Kuiita hali hiyo neema ni kuvisha fizikia kanzu isiyo yake. Pingamizi hili lina uzito, na mfano wa redio haujengi hoja ya kuthibitisha kwamba Mungu yupo. Unachofanya ni kidogo zaidi, na bado ni kikubwa: unaibomoa hoja moja mbaya.

Hoja hiyo husikika katika mikutano mingi ya maombi, mijini na vijijini. Mgonjwa ameomba hakupona, na anaambiwa imani yake haikutosha. Mama amefunga na kukesha, mtoto akafa, na mtu anamnong'oneza kwamba angelia zaidi mbele za Mungu angesikiwa. Fikra iliyo chini ya maneno hayo ni kwamba jibu hupimwa kwa nguvu ya wito, hivyo kimya ni ushahidi wa udhaifu wa aliyeita. Redio inaonyesha kwamba hitimisho hilo halifuati. Kimya huweza kutokea kwa sababu tatu zilizo mbali kabisa na nguvu ya anayeita: njia imefungwa saa ile, kelele zimejaa upande wa pili, au hakuna aliyefungua kipokezi. Anayemlaumu mwombaji bila kuziondoa sababu hizo anafanya kosa la mantiki, na kwa kulitupa kosa hilo juu ya mtu aliyefiwa anaongeza ukatili. Hili ni jambo la kusemwa waziwazi na viongozi wa dini, na wanaolisema bado ni wachache.

Baada ya njia, sikio.

Joseph Taylor alizaliwa Philadelphia mwaka 1941 katika familia ya Marafiki, au Quakers, jumuiya ya Kikristo iliyoanzia Uingereza katika karne ya 17. Alikulia shambani New Jersey. Yeye na kaka yake walijaza ghorofa ya juu ya nyumba yao mitambo ya redio ya ridhaa, wakapandisha antena kubwa juu ya paa, na mojawapo ilifyeka bomba la moshi la matofali hadi usawa wa paa. Alisoma Haverford, chuo kilichoanzishwa na Marafiki, na baadaye akawa mwanafalaki wa redio. Mwaka 1974, uleule ambao Dobbs alikuwa anakusanya wanong'onaji wake, Taylor na mwanafunzi wake Russell Hulse waligundua kwa darubini ya Arecibo, Puerto Rico, nyota ya mapigo inayozungukana na nyota nyingine. Kwa miaka iliyofuata mapigo hayo dhaifu yalitumika kupima jinsi nyota hizo zinavyopoteza nishati, na vipimo vikaafikiana na nadharia ya Einstein kuhusu mawimbi ya mvutano. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1993.

Nyota za mapigo zenyewe ziligunduliwa na mtu mwingine wa jumuiya hiyohiyo. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge. Kila siku darubini aliyosaidia kuijenga kwa mikono yake ilitoa karibu mita 30 za karatasi ya michoro, naye aliisoma yote kwa macho. Katika mamia ya mita hizo aliona alama ndogo iliyochafuka, isiyofanana na nyota wala na usumbufu wa mitambo ya watu. Wengine wangeipita. Yeye aliifuata, na mwishoni mwa Novemba akaiona ikipiga kwa utaratibu, pigo moja kila sekunde moja na theluthi. Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1974 kwa ugunduzi huo alipewa msimamizi wake, Antony Hewish, aliyeigawana na Martin Ryle; Bell hakutajwa. Mwaka 2018, alipopewa tuzo nyingine ya dola milioni 3, alizitoa zote ziwe ufadhili wa wanafunzi wa fizikia wanaotoka katika makundi yasiyo na uwakilishi wa kutosha.

Wakenya wa Vihiga na Kakamega wanawajua Marafiki vizuri. Wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Ibada ya Kaimosi ina wachungaji, nyimbo na mahubiri. Ile ya Philadelphia, na ya Uingereza, kwa sehemu kubwa ni ya kimya: watu hukaa pamoja bila mhubiri wala ratiba, wakisubiri, na anayehisi amepewa neno huinuka na kulisema. Itakuwa uhaba wa busara kudai kwamba kimya hicho ndicho kilichozaa ugunduzi wa nyota. Darubini na hesabu vilifanya kazi yao, na wanafalaki wengi wakubwa hawana dini. Lakini mtu aliyezoezwa tangu utotoni kwamba kimya si utupu, na kwamba kusubiri ni kazi, ameingia maabara akiwa na stadi moja ambayo haifundishwi darasani.

Mwaka 2008 Taylor, akiwa tayari mshindi wa Nobeli, aliwapa wanaredio wa ridhaa programu iitwayo WSPR. Ujumbe wake ni mfupi kuliko salamu: jina la kituo, mraba wa ramani kilipo, na nguvu kinayotumia. Ni biti 50 basi. Programu huzigeuza biti hizo kuwa alama 162, kila alama mlio mmoja kati ya minne iliyokaribiana sana, na kuzituma polepole kwa sekunde 110 na ushei. Upana wote wa milio hiyo ni kama hezi 6, wakati mazungumzo ya sauti huchukua hezi 2,500 hivi. Kila kituo huanza mwanzoni mwa dakika shufwa, saa zikiwa zimelinganishwa, na upande wa pili kompyuta hukusanya mlio wote kabla ya kutamka lolote.

Kwa njia hiyo ishara husomwa hata pale kelele zilizomo katika upana ule wa mazungumzo zinapoizidi nguvu zaidi ya mara 600. Ukitega sikio kwenye spika husikii kitu, ni mvumo tu. Wati 0.2 kwenye mita 10, njia ikiwa wazi, husomwa umbali wa kilometa 10,000 na kupita, na wahusika wameshazoea. Wapo waliotuma angani puto ndogo zenye mtambo wa miliwati kumi au ishirini unaoendeshwa na jua, zikaizunguka dunia nzima huku zikifuatiliwa kwa WSPR.

Hapo falsafa inapata kazi. George Berkeley, aliyekuwa askofu wa Cloyne nchini Ireland katika karne ya 18, alifundisha kwamba kuwapo kwa kitu ni kutambuliwa kwake, na kwamba vitu havitoweki tusipovitazama kwa sababu Mungu anavitazama daima. Je, mnong'ono uliozama kwenye kelele, ambao hakuna sikio la binadamu lililousikia, ulikuwapo? Wanaredio wana jibu la vitendo. Rekodi za zamani zikipitishwa katika toleo jipya la programu, huibuka majina ya vituo ambayo mara ya kwanza hayakuonekana. Mawimbi yalikuwa yamekwisha kufika na kuandikwa. Aliyebadilika ni msikilizaji. Ina maana kwamba "hakuna kitu hapa" mara nyingi ni taarifa juu ya uwezo wa anayesikiliza, na mtu mwadilifu hataitoa kama taarifa juu ya ulimwengu.

Upo upande wa hatari, na ni lazima uzungumzwe. WSPR husoma mnong'ono kwa sababu inajua mapema umbo la kinachosubiriwa. Sikio linalojua linachokitaka huweza kukisikia hata kisipokuwapo, na kweli mara mojamoja programu hutoa jina la kituo ambacho hakipo duniani, limefumwa kutoka katika kelele tupu. Historia ya dini imejaa watu waliosikia sauti za namna hiyo na kuwaongoza wenzao kwenye maangamizi. Aprili 2023 Kenya ilianza kufukua makaburi ya msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambamo mamia ya waumini walikufa wakifunga kwa kuamini kwamba ndivyo walivyoagizwa.

Wanaredio hujikinga kwa mashahidi. Jina lililosomwa na kipokezi kimoja, mara moja, hutiliwa shaka. Lililosomwa na vipokezi kadhaa, mahali mbalimbali, katika dakika zilezile, hukubaliwa. Wanazuoni wa hadithi walijenga kinga kama hiyo zamani sana. Habari iliyopokewa na watu wengi kwa njia tofauti, kiasi kwamba haiwezekani wawe wamekula njama, waliiita mutawatir, nayo huleta yakini. Iliyopungua hapo ni ahad, na wapokezi wake huchunguzwa mmoja mmoja. Marafiki nao hawaruhusu mtu aondoke na ufunuo wake peke yake. Anayehisi ameitwa kwa jambo zito hulileta mbele ya wenzake lipimwe. Unyenyekevu wa kusikiliza usio na nidhamu ya kuhakiki ni mlango wa Shakahola.

Maandiko yenyewe yanajua kwamba kosa la kutosikia huweza kuwa la mwenye cheo. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, Hana asiye na mtoto anaomba hekaluni, midomo yake ikicheza bila sauti kutoka. Kuhani Eli anamtazama, na kwa kuwa hasikii chochote anaamua kwamba mwanamke huyo amelewa. Mungu amekwisha kumsikia. Aliyeshindwa ni mtumishi wa hekalu. Qurani, katika sura ya Maryam, inaanza kisa cha Nabii Zakaria kwa wito wake wa siri kwa Mola wake, mzee asiye na mtoto, naye akapewa Yahya. Na katika hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad aliwakanya maswahaba waliopaza takbira safarini, akiwakumbusha kwamba wanayemwita yuko karibu nao na anasikia.

Hilo halipingi adhana. Adhana ni wito kwa watu, na watu wako mbali, wengine wamelala. Lakini vipaza sauti vimepita mpaka huo katika miji yetu, misikitini na makanisani vilevile, na mkesha wa mtaa mmoja sasa huingia katika vyumba vya mitaa mitano. Mwaka 2018 wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali ilizuia vipaza sauti vya adhana kwa sababu ya kelele. Mei 2021 Saudi Arabia, nchi yenye Makka na Madina, iliagiza vipaza sauti vya nje vitumike kwa adhana na ikama tu, na visizidi theluthi ya nguvu. Hatua hizo zilizua ubishi, na serikali haipaswi kuwa mwamuzi wa ibada. Hata hivyo hoja ya dini iliyo nyuma yake ni nzito kuliko ya serikali: anayeombwa hahitaji wati za ziada, na jirani mgonjwa anahitaji usingizi.

Mwanaredio wa nguvu ndogo analielewa jambo hili kwa njia ya vitendo, kwa kuwa maisha yake yanategemea kimya cha wengine. Chaja za bei rahisi, taa za LED zisizo na kichujio na vigeuzi vya umeme wa jua vilivyoundwa ovyo huvuja mikwaruzo inayoijaza mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam, na kila inapopanda, mnong'ono mmoja zaidi huzama. Hakuna anayekusudia kumziba mwenzake. Wajibu upo hata hivyo, na unamwangukia kwanza mwenye uwezo: mwenye kiwanda, mwenye mtambo mkubwa, mwenye kipaza sauti. Mnyonge amekwisha kufanya yake alipoita.

Afrika ina upungufu wa sikio kuliko wa sauti. Kwenye ramani za WSPR Ulaya na Amerika Kaskazini zimejaa vipokezi, na kati ya Mombasa na Kinshasa vipo vya kuhesabika. Mnong'ono unaotua hapa hutua pasipo mtu, na anayetuma kutoka Lima au Perth hudhani njia ya Afrika imefungwa. Walimu wa fizikia wa Tanga, Malindi, Kigoma na Bujumbura wanaweza kulirekebisha hilo kwa kipokezi kidogo, waya wa mita 5, kompyuta ya zamani na mtandao. Kutuma kunahitaji leseni, ambayo nchini Tanzania hutolewa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na nchini Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano ya huko, na klabu ya shule inaweza kuiomba baadaye. Waanze na kusikiliza, na waanze mapema, kwa kuwa jua limekwisha kupita kileleni na mita 10 inatarajiwa kupungua mwaka hadi mwaka kuelekea mwisho wa muongo huu.